MPINI MPYA KWENYE KISU CHA ZAMANI

Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia



 Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tumekuja na habari ya visu. Naona wengine wanacheka. Basi chekeni, lakini vikundi vitatu vimetuletea swali hilo hilo, na kikundi kimoja karibu kivunjike kwa sababu yake.

Swali lenyewe ni hili. Kuna watu wanaonunua visu vya zamani vilivyofuliwa kwa mkono: sime za wazee, visu vya kuchinjia, visu vya wahunzi wa hapa kwetu. Wanunuzi wengine ni watalii, wengine ni Wakenya wenzetu walio mjini ambao wameanza kutafuta vitu vya babu zao. Visu hivyo vingi mipini yake imelegea, imepasuka au imeliwa na wadudu. Vikundi vyenye mafundi vinauliza: tubadilishe mpini au tuuache? Na tukiubadilisha, tumwambie mnunuzi nini?

Tuanze na Maandiko, kwa sababu hata huko mpini umetajwa. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, mtu mmoja alikuwa akikata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kikachomoka na kuzama majini. Alilia kwa nini? Kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, kuna sheria juu ya mtu ambaye chuma cha shoka lake kimechomoka na kumwua mwenzake bila kukusudia. Kwa hiyo mpini uliolegea ni jambo la uhai wa mtu, na pia ni jambo la mali ya mwingine iliyo mikononi mwako. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayoyazungumza leo.

Kwanza tutenganishe visu. Kisu cha kazi, kile cha kukatia sukumawiki, panga la shamba, kisu cha mchinjaji, hicho hakina maneno mengi. Mpini ukiharibika, toa, weka mwingine, endelea na kazi. Mama hawezi kukatia mboga kisu kinachozunguka mkononi eti kwa sababu kilikuwa cha nyanya. Lakini kisu ambacho mtu anakitaka kwa sababu ya uzee wake na mkono uliokifua, hicho ni kingine kabisa. Hapo mpini ni nusu ya kisu. Wakati mwingine ni zaidi ya nusu.

Chukueni sime. Wazee mnaijua kuliko sisi. Ubao wa chuma wenye makali pande mbili, mwembamba karibu na mkono, mpana kuelekea ncha, na mgongo ulioinuka katikati. Zamani wahunzi wa Kikuyu walikusanya mchanga mweusi wa mitoni wenye madini, wakauyeyusha kwa makaa na viriba vya ngozi. Mhunzi, muturi, aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake ilikuwa kitu cha kutisha. Wamaasai nao walikuwa na watu wao wa kazi hiyo, Il-kunono. Baadaye chuma cha dukani kilipoingia, na magari yakaja, wahunzi wakaanza kutumia tupa kuukuu na springi za lori. Hata hizo ni sime halali. Usimdharau mhunzi kwa sababu alitumia springi. Kazi ni yake.

Sasa mpini wa sime. Chuma kina mkia mwembamba unaoingia ndani ya mti, ndio huo waitwao msuka. Umeshikwa humo kwa utomvu, au ulipashwa moto ukachoma tundu lake wenyewe, na juu ya mti kukavikwa ngozi. Ngozi hiyo imekuwa nyeusi kwa jasho la mtu mmoja au la watu watatu, baba, mwana na mjukuu. Weusi huo hakuna fundi anayeweza kuutengeneza. Mnunuzi anayejua akiishika sime, huangalia hapo kabla hajaangalia makali.

Kikundi kimoja, jina tunaliacha, kililetewa sime na familia ambayo babu yao alikuwa amefariki. Vijana wa kikundi walikuwa na bidii. Waliipeleka kwenye mashine ya kusaga chuma, wakaing'arisha kama kijiko cha harusi, wakatupa mpini jikoni ukawa kuni, wakaweka mpya wa mbao safi yenye vanishi. Familia ilipokuja, mzee mmoja aliishika, akaigeuza, akauliza, “Na ile ya baba iko wapi?” Vijana hawakufanya hivyo kwa ubaya. Lakini alama za nyundo zilikuwa zimesagwa zote, na hakuna gundi ya kuzirudisha. Tunawaambia hili kwa sababu bidii ya namna hiyo tumeiona zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo kisu cha zamani kikiletwa, msikimbilie tupa. Fungueni daftari. Andikeni jina la mwenyewe, siku kilipoletwa, urefu wa kisu na wa mpini, unene wa mpini sehemu mbili au tatu, na vitu vilivyopo: ala, mkanda, waya, pete ya chuma. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha pande zote. Kama hakuna, wekeni kisu juu ya karatasi mkakichore kwa penseli kukizunguka. Muulizeni mwenyewe kilitoka kwa nani na kilitumika wapi, na jibu liandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa habari yenyewe ni sehemu ya mali.

Kisha tazameni ugonjwa ni upi. Mpini kulegea si sawa na mpini kuoza. Mara nyingi mti ni mzima kabisa, ila utomvu wa ndani umekauka ukawa unga. Huo haubadilishwi. Chomoeni polepole, kama umegoma, zungushieni kitambaa kilichochovywa maji ya moto, utomvu ulainike. Msiweke kisu motoni hata siku moja. Chuma kilichopikwa makali yake kikipata joto mpaka kikageuka rangi ya buluu, ugumu umeshaondoka, na utanoa mpaka uchoke.

Safisheni tundu kwa kijiti, kwangueni kutu iliyo juu ya msuka, rudisheni utomvu. Hapa vijana watasema, si tuna ile gundi ya kisasa ya mirija miwili? Ipo, na kwa kisu cha kazi ni nzuri sana. Kwa kisu cha zamani tunasema hapana, kwa sababu moja: haitoki tena. Yeye atakayekitengeneza baada ya miaka thelathini atalazimika kuvunja mti. Utomvu wa mti wa paini ulioyeyushwa pamoja na nta ya nyuki kidogo na unga laini wa mkaa hushika vizuri, na ukipata joto hulegea. Yeyusheni kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nje ya nyumba, kwa maana utomvu hushika moto upesi kama mafuta ya taa.

Mpini ukiwa umepasuka kwa urefu, unganisheni ufa kwa gundi ya seremala, fungeni kwa kamba mpaka ukauke. Ikiwa ngozi ya juu imekwisha, ndipo mvike ngozi mpya. Wazee wanajua siri hii: ngozi mbichi ya mbuzi, iliyonyolewa, hulowekwa usiku mzima. Inakatwa ndogo kidogo kuliko mzunguko wa mpini, inavutwa na kushonwa ikiwa bado imelowa. Ikikauka hujikaza yenyewe kuliko kamba yoyote. Ikaukie kivulini, juani hupasuka. Na kabla ya kuanza, pakeni chuma mafuta na kukifunga kwa karatasi ya plastiki, la sivyo maji ya ngozi yataleta kutu usiku huo huo.

Juu ya chuma chenyewe tuna maneno machache. Kutu nyekundu iondolewe kwa mafuta na ile waya laini ya kusugulia sufuria, kwa mkono. Rangi nyeusi ya uzee iacheni. Mashine ya kusaga isikaribie.

Ikiwa mpini umeliwa na wadudu mpaka unasagika kwa vidole, basi hapo mpini mpya ni halali. Tengenezeni wa kipimo kile kile mlichoandika, ikiwezekana wa mti ule ule. Mpini wa zamani, hata kama umebaki nusu, wekeni kwenye mfuko wa kitambaa uende pamoja na kisu. Na kwenye kitako cha mpini mpya, chongeni mwaka na alama ya kikundi, ndogo tu. Wengine walituuliza, si alama hiyo itapunguza bei? Tutafika hapo.

Juu ya mti. Kosa linaloharibu mipini mingi kuliko yote ni mti mbichi. Mpini wa mti mbichi leo unakaza, mwezi ujao unacheza, kwa sababu mti hunywea unapokauka na chuma hakinywei. Kateni, pasueni vipande vinene kidogo kuliko mnavyohitaji, pakeni nta au rangi kwenye ncha mbili ili zisipasuke, pangeni kivulini juu ya mawe hewa ipite chini. Kipande cha unene wa inchi moja hutaka kama mwaka mzima. Anayetaka kujua kama kimekauka akipime kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kiko tayari. Asiyeweza kungoja atafute kigoda kilichovunjika au mpini wa jembe wa zamani, huo ulishakauka tangu mashujaa walipokuwa vijana.

Mpera ni mzuri, mgumu na haupasuki ovyo. Mzeituni wa porini ni mzuri zaidi, lakini msiingie msituni kukata bila kibali. Tawi kavu la shambani kwako latosha kwa mipini mingi. Mgrevilea ni laini mno. Mpingo mnaujua, na mnajua pia umekwisha kiasi gani. Wachonga vinyago wa Ukambani na wa Mombasa waliumaliza pamoja na mhugu, na tangu miaka ya 1990 wengi wameshauriwa kutumia mwarobaini, ambao hukua haraka. Kwa kisu kipya mwarobaini unafaa. Kwa kisu cha zamani chenye mpingo, tengenezeni ule uliopo.

Pembe na mfupa wa ng'ombe hufanya mipini mizuri sana na mchinjaji huvitupa. Vichukueni buchani penye nyama iliyopimwa, msiokote mzoga. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hubaki na sumu yake muda mrefu, na mtu huipata kwa mikono na kwa pua. Chemsheni mfupa kwa maji ya sabuni mtoe mafuta, na mnapokwangua fungeni pua kwa kitambaa, kazi ifanyike nje, na mlowanishe mfupa ili vumbi lisiruke. Vumbi hilo hukaa kifuani.

Sasa tuseme wazi juu ya pembe ya ndovu, pembe ya kifaru, meno ya kiboko na ya ngiri. Kuna mtu atakuja kuwaambia, “Mimi nina kipande kidogo tu cha zamani, niwekeeni kwenye kisu.” Kataeni hapo hapo. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyama mwaka 1978. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kukutwa na nyara bila kibali ni kesi kubwa, ya faini nzito au kifungo cha miaka. Polisi hawataulizana ni ya nani. Iko kwenye karakana ya kikundi, kikundi kitajibu. Na mkiletewa kisu cha familia chenye mpini wa pembe ya ndovu, msikiguse. Mshaurini mwenyewe aende ofisi ya wanyamapori akaeleze mwenyewe kabla hajaelezewa.

Msidhani mpini ni kitu kidogo katika jambo hili. Kule Yemen mwanamume huvaa jambia kiunoni, kisu kilichopinda, na heshima yake iko kwenye mpini. Uliotamaniwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Miaka ya 1970 Wayemeni wengi walipata pesa kwa kufanya kazi Saudia, na wengi wakaweza kununua kile ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa tu. Pembe ilitoka wapi? Nyingi ilitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000 mwaka 1970. Kabla miaka ya 1980 haijaisha walikuwa hawafiki 400. Mahitaji ya dawa za Asia nayo yalichangia, lakini mipini ya visu ilikula sehemu kubwa. Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingiza pembe hizo mwaka 1982, na mafundi wengi wakageukia pembe ya nyati wa kufugwa wa Asia. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi, alifuatilia biashara hiyo miaka mingi mpaka kwenye vibanda vya mafundi wa Sanaa. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwaka 2018. Kwa hiyo tukisema kataeni, tunajua tunasema nini.

Turudi kwenye pesa, kwa maana ndipo kikundi kile kilipokaribia kuvunjika. Broka mmoja alikuja na sime mpya za Jua Kali, chuma cha springi, safi kabisa. Akawaambia mafundi: tieni mipini ya mti, vikeni ngozi, kisha mfukieni kwenye mbolea ya ng'ombe, mning'inize juu ya moshi jikoni, mpake chai na masizi. Atawalipa kila moja zaidi ya mara tatu ya kazi ya kawaida. Kumbe yeye huko mjini atasema ni za kabla ya ukoloni.

Wanachama waligawanyika. Upande mmoja walisema, sisi tumeombwa kazi tumefanya kazi, uongo ni wa broka. Mama mmoja alisimama akasema ana karo ya watoto wawili na hajaona mtalii yeyote aliyekufa kwa kudanganywa. Hatukumcheka mama huyo, na nyinyi msimcheke. Karo ni karo. Lakini tuliwaambia hivi: anayefukia kisu kwenye mbolea anajua kwa nini anafukia. Uongo umeanzia kwenye mikono yake, mdomo wa broka unaumalizia tu. Na kuna hasara nyingine ambayo haionekani siku ya kwanza. Wanunuzi wakigundua kwamba sime za upande huu hufukiwa, hawataamini hata ile ya kweli ambayo mjane wa kijiji hiki ataileta siku amebanwa na hospitali. Broka atahamia wilaya nyingine. Mjane atabaki hapa.

Kikundi kilikataa kwa kura. Si wote walifurahi, na wanachama wawili walijitoa. Tunasema ukweli wote.

Kilichobaki kiliamua kuuza sime mpya kama sime mpya, na jina la mhunzi kwenye kikaratasi, jina la aliyeshona ngozi, mwaka, na aina ya mti. Kumbe wapo wanaotaka hivyo. Mtu wa mjini anayetaka kumpa mkwe wake sime hataki lazima iwe ya mwaka 1880. Anataka ajue nani aliifua. Mapato ni kidogo kuliko ya broka. Lakini hakuna mtu anayeamka usiku akisikia gari.

Na ile alama ya kwenye kitako? Kwa asiyejua, inaweza kupunguza bei kidogo. Kwa anayejua, kisu chenye mpini mpya uliotangazwa, mpini wa zamani mfukoni na historia yake kwenye daftari, kina thamani kuliko kile anachokishuku. Hesabuni gharama zenu vizuri: ngozi, utomvu, msasa, saa za fundi, na asilimia ya kikundi. Msipange bei kwa kutazama viatu vya mteja. Na ikiwa mwenyewe ni mzee anayeuza kwa shida, mwambieni bei ya kweli hata kama nyinyi mngependa kununua. Tumeona sime ikitoka kwa mzee kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Jambo la mwisho la sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni mali ya kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Mkishuku kisu ni cha umri huo, msiuze kwa mgeni. Pelekeni picha na maelezo makumbusho ya karibu. Na kabla ya yote hayo, iulizeni familia mara ya pili, wakiwepo wana na mabinti, kama kweli wanataka kuuza. Mara nyingine kinachotakiwa ni kukaza mpini tu, kisu kirudi ukutani kwake.

Maswali mtauliza nje, kwa maana mzee wetu amekwisha kutandika gunia chini ya mwembe. Ameloweka ngozi ya mbuzi tangu jana jioni na anasema ikingoja zaidi itanuka. Kila kikundi kitoe watu wawili, mmoja wa kushona na mmoja wa kuandika. Jiliwa la ofisi liko pale. Anayetaka kuliazima wiki ijayo aandikishe jina kwa katibu.